Barua ya wazi kwa wanaosimamia umeme na mazingira ya Zanzibar: tuanzie bandarini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji, Nishati na Madini, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar;
Kwa wakuu wa ZECO (shirika la umeme), ZURA (mamlaka ya udhibiti wa huduma), ZEMA (mamlaka ya mazingira) na Taasisi ya Viwango Zanzibar;
Kwa waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni fundi wa mafriji na vyombo vya umeme hapa Chake Chake. Ombi langu kwenu ni moja. Wekeni sharti bandarini, Malindi kwa Unguja na Mkoani na Wete kwa Pemba, kwamba friji, kiyoyozi, televisheni au king'amuzi ambacho haijulikani kinakula umeme kiasi gani, au kwa friji na kiyoyozi kina gesi ya kupozea ya aina gani, kisishushwe. Barua yote hii ni kueleza kwa nini naomba hivyo, na kwa nini naona tumeshachelewa.

Sisi tukizungumza habari ya umeme huzungumza unakotoka. Tuna sababu. Unguja ilipata waya wake wa kwanza wa chini ya bahari mwaka 1980, wa megawati 45, na ulipoharibika watu walikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Miezi mitatu ile kila duka lilikuwa na kijenereta chake mlangoni, na mji mzima ukanuka petroli. Waya wa pili, wa megawati 100, ukaja 2013 kwa fedha za Marekani. Huku Pemba tuliishi kwa mitambo ya dizeli ya Wesha mpaka 2010, tulipoungwa na Tanga kwa msaada wa Norway. Aliyezaliwa baada ya hapo hajui neema aliyonayo. Sasa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limekamilika, mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115, na nasikia hadi watu wazima wenye akili zao wakisema kwamba umeme sasa ni wa maji, hauna moshi, basi kila mtu awashe anachotaka.

Hapo ndipo ninapokataa. Umeme wa maji unangoja mvua, na mgao wa mwaka 2022 hatujausahau. Gesi ya Songo Songo na ya Mnazi Bay bado inachomwa kuzalisha umeme wa gridi hiyo hiyo tunayovutia sisi. Bwawa lenyewe limefunika msitu na limeugeuza mwendo wa mto unaolisha mikoko ya delta ya Rufiji, ambako samaki na kamba huzaliana. Na hata kama Rufiji ingezalisha mara kumi ya hivyo, waya unaokuja Pemba una kiasi chake. Ukijaa umejaa. Hapo ama tunalaza waya mwengine kwa mabilioni ya mkopo, ama tunawasha tena dizeli. Kila wati linalopotea bure ndani ya nyumba zetu linatusogeza kwenye moja ya hayo mawili.

Na yanapotea mengi. Nayaona kila siku mezani kwangu.

Nitoe mfano wa friji moja la Tumbe. Mwenye friji ni mama anayeuzia wavuvi barafu na watoto malai, na aliniita akilalamika kwamba tokeni ya Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, haikai, kila akiingiza inaisha. Alidhani mita mbovu. Nilipofika nikaupitisha mkono kwenye mpira wa mlango: upande wa chini umekatika na unapitisha hewa ya baridi mpaka nje, sakafu ina maji. Nyuma, kompresa ilikuwa ya moto kiasi cha kutokushikika. Karatasi ya kiwandani imeandikwa kwa lugha ambayo hatuisomi, na pale penye mwaka pamekwanguliwa kwa kisu. Nikalichomeka kwenye kipima wati tukakaa tukilitazama. Wati 150. Tukanywa chai, tukazungumza, bado 150. Friji zima hupoza, likishapata baridi yake kompresa hukata, ikapumzika, ikawaka tena baadaye. Lile halikukata hata mara moja.

Sasa pigeni hesabu pamoja nami. Uniti moja ni wati elfu kwa saa moja, kwa hiyo wati 150 kwa saa 24 ni uniti 3.6 kwa siku, ambazo kwa mwaka zinapita uniti 1,300. Friji jipya la ukubwa ule, lenye kompresa nzuri na mpira mzima, halifikishi uniti moja kwa siku. Mama yule anaununua umeme wa karibu mafriji manne ili apate baridi ya friji moja, tena baridi yenyewe mbovu. Alilinunua kwa sababu bei yake ilikuwa chini ya jipya, na ile nafuu yote imeshamezwa na tokeni. Aliyeliuza ameshasahau. Nchi lilikotoka friji lile huko Ulaya imejitua mzigo: mwenyewe amenunua jipya linalokula kidogo, hesabu zao za hewa ukaa zimepungua, zetu zimeongezeka.

Kuna na jambo ambalo mita ya Tukuza hailioni kabisa. Mafriji ya mtumba yanayonijia yana gesi ya kupozea ya R-134a, na yaliyozeeka zaidi yana R-12. R-12 ndiyo moja ya gesi zilizoharibu tabaka la ozoni hadi mataifa yakakutana Montreal mwaka 1987 kukubaliana ziondolewe. R-134a haigusi ozoni, lakini kilo yake moja ikivuja inazuia joto sawasawa na kilo 1,430 za hewa ukaa. Friji la nyumbani huchukua gramu mia moja mpaka mia mbili. Tuseme 150. Hizo peke yake ni sawa na zaidi ya kilo 200 za hewa ukaa, moshi ambao ungeupata kwa kuchoma lita 90 na zaidi za petroli. Hilo ni friji moja.

Na inavuja vipi? Niwaeleze jinsi kazi inavyofanyika, kwa sababu naamini wengi wenu hamjawahi kusimama karibu. Kompresa ikifa, fundi huuweka mrija wa shaba kati ya meno ya koleo akaubana mpaka ukakatika. Hutoka mlio mkali, pssss, na mvuke kidogo wa baridi wenye harufu ya mafuta. Haifiki dakika mbili mlio umekwisha, gesi yote iko hewani, na fundi anaendelea na kuchomelea. Ndivyo ilivyo kwenye mabanda yetu yote, kwa sababu mashine ya kuinyonya gesi na kuitia mtungini bei yake haifikiki kwa mtu anayefanya kazi chini ya bati, na hata angeipata, mtungi ukijaa hana pa kuupeleka. Mafundi si watu wabaya. Hatujapewa njia nyengine.

Yapo mafriji ya gesi ya R-600a, ambayo kilo yake moja madhara yake kwa joto la dunia ni kama ya kilo 3 tu za hewa ukaa. Tatizo lake ni kwamba inashika moto, kwa hiyo inataka fundi aliyefundishwa. Basi tufundisheni. Kituo cha Mafunzo ya Amali kipo Vitongoji, hapo hapo nje ya mji. Ikiwekwa mashine moja ya kunyonya gesi pale, na fundi yeyote wa Pemba akaweza kuikodi kwa siku kwa bei ndogo, mmeshaokoa zaidi ya kinachoweza kuokolewa na semina kumi hotelini.

Viyoyozi sitavisema kwa urefu, kwa vile huku Pemba bado si vingi kama kwenye ukanda wa mahoteli wa Nungwi, Kiwengwa na Paje. Ila mjue kwamba R-410A, iliyomo kwenye viyoyozi vingi, kilo yake moja ni sawa na 2,088 za hewa ukaa, na R-32 ni 675. Kiyoyozi kimoja cha ukutani hubeba kilo nzima au karibu yake. Hoteli ya vyumba mia moja ikibadilisha viyoyozi vyake vyote kwa mkupuo, nani anauliza gesi ya vile vya zamani imekwenda wapi?

Nirudi kwenye vyombo vidogo, ambako watu wanahangaika na kisichokuwa na uzito na kukiacha chenye uzito. Kila nyumba ninayoingia mzazi anamgombeza mtoto kwa chaja ya simu. Simu ya betri kubwa, ukiichaji kila siku mwaka mzima, hutumia uniti tisa hivi. Mwaka mzima! Pembeni yake, chini ya televisheni, kuna king'amuzi kinachowaka taa nyekundu usiku na mchana. Kila mtu nyumbani anaamini kimezimwa, kwani kimebonyezwa kwa rimoti. Ving'amuzi vya zamani hula wati 10 hadi 15 vikiwa vinafanya kazi, na vikibonyezwa hivyo havishuki ila kidogo tu. Kiguseni saa nane za usiku, kina moto. Wati 10 kwa mwaka ni karibu uniti 88, mara tisa na zaidi ya simu, na sehemu kubwa yake ni saa ambazo hakuna mtu anayetazama kitu.

Chukulieni kwa mfano nyumba elfu thelathini tu za Pemba zenye king'amuzi cha namna hiyo. Ni kilowati 300 zinazovuka bahari kutoka Tanga saa zote, Pemba nzima ikiwa imelala, zaidi ya uniti milioni mbili na nusu kwa mwaka. Ulaya walilimaliza jambo hili kwa kanuni: tangu 2013 vyombo vingi vya nyumbani havitakiwi kupita nusu wati vikiwa vimelala. Hawakumwendea kila mama nyumbani kwake kumwambia achomoe plagi. Walikwenda kwa mwenye kiwanda na mwenye kuingiza. Kampuni za ving'amuzi zinaingiza mzigo wao kwa maelfu, zinajulikana, zina leseni. Kuzitaka zilete vyombo visivyokula umeme vikiwa vimelala ni barua moja ya mamlaka, si kampeni ya miaka.

Kuhusu simu na kompyuta nina neno jengine, na ni kinyume cha nililolisema kwenye friji. Simu inaharibu mazingira kwa kutengenezwa kwake. Sehemu kubwa ya hewa ukaa yake imeshatoka migodini na viwandani kabla haijafika kwenye kabati la duka Darajani. Umeme inaokula baadaye ni mdogo. Ziko pia kompyuta kubwa za mbali zinazohifadhi picha na video zetu. Shirika la Kimataifa la Nishati limekadiria kuwa mwaka 2024 vituo hivyo vilikula terawati-saa 415, kama asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia, lakini hayo hayamo mikononi mwa Zanzibar. Kilichomo mikononi mwetu ni kuifanya simu idumu. Kwa hiyo simu na laptopu zinafaa kutengenezwa na kutengenezwa tena, na betri na vioo vya kubadilishia viingie kwa ushuru mwepesi. Friji bovu linafaa kuondoka. Sheria isivichanganye vitu hivi viwili ikapiga marufuku mtumba wote kwa neno moja, maana itawaumiza wanafunzi wa skuli wanaotegemea laptopu iliyotumika, na haitaokoa kitu.

Najua mtakachojibiwa mkilipeleka hili Barazani. Mtaambiwa mnamzuilia mnyonge friji lake. Hoja hiyo naichukulia kwa uzito, wateja wangu wengi ni wanyonge na mimi ni mmoja wao. Lakini mnyonge ndiye anayelipa zile uniti 1,300. Tajiri ananunua jipya dukani. Na wapo waliotutangulia. Ghana iliandika kanuni ya kuzuia mafriji ya mtumba mwaka 2008, ikaanza kuisimamia kwa nguvu 2013, na pamoja na hilo ikaweka mpango ambao mtu huleta friji lake kuukuu akapunguziwa bei ya jipya. Kuzuia peke yake kungekuwa dhulma. Ghana walizuia huku wakimshika mtu mkono, na mafriji yao na ya Kenya yana lebo ya nyota zinazomwonesha mnunuzi lipi linakula kidogo. Mama wa Tumbe angeziona nyota hizo angejua kuchagua, bila kuniita mimi.

Sisi tuna jambo la kutusaidia ambalo Ghana hawana: sisi ni visiwa. Friji halivuki msituni usiku kwa mguu. Linapita bandarini, na ikiwa litakuja kwa jahazi, jahazi nalo hutia nanga mahala. Mzigo mwingi unapitia Dar es Salaam, kwa hiyo Taasisi ya Viwango Zanzibar ikae na wenzao wa TBS, shirika la viwango la Tanzania Bara, wakubaliane kipimo kimoja. Wasiwape wakaguzi wetu makabrasha tu. Wapeni kipima wati, kitu kidogo kinachoshikika mkononi, na chumba chenye soketi. Friji lichomekwe kwa muda wa kutosha, lisomwe. Lisilokata likatwe kwenye orodha. Na karatasi ya nyuma iliyokwanguliwa iwe sababu tosha ya kulirudisha.

Muanze na nyinyi wenyewe. Ofisi za Serikali zinanunua kompyuta, mashine za fotokopi, viyoyozi na zile mashine za maji ya kunywa zinazochemsha na kupoza maji kwa wakati mmoja, hata Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi pasipo na mtu. Zabuni za manunuzi zinataja bei, hazitaji wati. Ongezeni mstari mmoja: umeme ambao chombo kitakula kwa miaka mitano uhesabiwe ndani ya bei yake. Mfanyabiashara wa Zanzibar akiona Serikali hainunui chombo kinachokula sana, hatakileta. Huyo namjua vizuri, anaagiza kile kinachotoka.

Halafu kuna vilivyokufa. Mwaka 2022 dunia ilitoa takataka za vyombo vya umeme tani milioni 62, na zilizokusanywa na kutengenezwa upya kwa njia inayoeleweka hazikufika robo. Afrika ni chini ya asilimia moja. Hapa kwetu maana yake ni televisheni za kichogo zilizotupwa vichakani, kila moja na madini yake ya risasi ndani ya kioo, kwa kilo, na vijana wanaochoma nyaya ili wapate shaba ya kumuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu. Moshi ule mweusi wa plastiki mmeshauona. Unguja jiwe lake ni la matumbawe, maji ya mvua yanapita humo na kila kilichoyeyuka yanashuka nacho visimani. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, wa mataifa kuhusu kusafirisha takataka hatari, unataka takataka zote za vyombo vya umeme, zenye sumu na zisizo na sumu, zisivushwe mpaka bila ridhaa ya nchi inayopokea. Ridhaa hiyo ni yenu kuitoa au kuinyima, na kontena la mafriji yasiyowaka ni takataka hata kama limeandikwa mtumba. ZEMA wana sheria yao ya mwaka 2015. Waitumie kwa hili.

Ninachowaomba kiingie kwenye hotuba ya bajeti ijayo ya Wizara, si kama aya ya kutaja mazingira, bali kwa mambo yanayoweza kuulizwa baadaye: tarehe ambayo kipimo bandarini kitaanza, fedha ya mashine ya kunyonya gesi Vitongoji na nyengine Unguja, kiasi cha kumsaidia mtu anayerudisha friji kuukuu. Vijana wa Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia wanaweza kupewa kazi ya kupima nyumba kwa nyumba wakatupatia takwimu zetu wenyewe, tuache kukisia. Mkitaka fundi wa kuwaonesha friji lisilokata linavyofanya, mimi nipo Chake Chake na kipima wati changu, na nitakuja popote mtakaponiita.

Wabillahi tawfiq.

Fundi wa mafriji, Chake Chake, Pemba